Nani Atashika Sufuria

Siku ya kuondoa matanga ya Philippe, mdogo wake, Hilaire, alisimama uani kutoa neno la ukoo. Neno hilo, kwao, mtoto halijibu.

"Laure atasoma design industriel kule Lubumbashi," alisema. "Baba yake alikuwa mutu wa usine, mutu wa mashine. Naye ataingia usine."

Laure, binti wa marehemu, akainuka kutoka mkekani. "Hapana, Baba Mudogo. Minye nitasoma design de produit."

Akina mama waliokuwa wakisonga bukari ya unga wa mahindi waliacha miiko hewani.

"Shi ni kitu kimoja? Zote ni kuchora!" Hilaire akasema.

"Zinakaribiana." Laure hakuketi. Alieleza kwamba ile ya viwandani inaingia zaidi kwenye mashine: chuma gani, kalibu gani, kitu kitoke vipi kwa maelfu. Ile ya bidhaa inaanzia kwa atakayekitumia: unamwuliza, unamjaribisha, unarekebisha. "Minye napenda kuanzia kwa mutu."

"Mutu gani? Mbabula ni mbabula!" Hilaire akaligusa kwa kiatu jiko la makaa ambalo Philippe alilichomelea mwenyewe. Alikuwa ameliwekea vyuma viwili vya kubana sufuria, isizunguke bukari inaposongwa. Lakini wakati wa kilio, sufuria kubwa ya wageni haikuingia kati ya vyuma vile. Mjane wake, Alphonsine, mama yake Laure, aliishika kwa kitambaa, na kiganja chake bado kilikuwa na malengelenge. Philippe alipima sufuria ya nyumbani. Hakuwauliza wapishi wa matanga. Laure alimpenda kwa vyuma vile, alimlilia, na bado alijua alipokosea.

Alphonsine akasema bila kuinuka, "Shemeji, kuya hapa. Shika sufuria hii kubwa, nimalize kusonga."

Hilaire akacheka, akashika. Mwiko haukuzunguka sana.

"Aï! Mama wee!" Akaruka nyuma, akipuliza vidole. Akina mama wakaangua kicheko cha kwanza tangu maziko.

"Ni pale minye nitaanzia," Laure akasema, akivionyesha vidole vyake.

"Hata vile! Neno yangu haibadilike. Sitakusindikiza Lubumbashi."

"Na yangu haibadilike, Baba Mudogo."

"Nitamusindikiza minye," Alphonsine akasema. "Na mbabula tunabeba."

Laure akapiga magoti, akachukua kitambaa cha mama yake na kuikamata sufuria. Moto ulipenya kitambaa. Hakuiachia mpaka bukari ikaiva.