Sailensa za Kumzika Mama Akello

Alhamisi asubuhi Njenga alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya Walter, katika gereji yake nyuma ya stendi ya bodaboda pale Kondele, akipigana na boliti iliyoshikwa na kutu. Beldina alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, mfuko umelala magotini. Ndani ya mfuko mlikuwa na rinda la bluu ambalo mama mkwe wake, Mama Akello, angevalishwa mochari. Alikuwa ametoka boma la mkwewe huko Kadibo kulileta kwa sababu Walter ndiye kifungua mimba, na katika boma lile, kifungua mimba asiposema ndiyo, hata maiti havai.

"Hii ndiyo nguo?" Walter aliuliza bila kuigusa. "Shem, watu wanakuja na magari kutoka Nairobi."

"Ndiyo aliyoipenda, Shemeji. Ni ya kanisa."

"Ya kanisa, ya kanisa. Mtafutie nyeupe."

Walter alikuwa na nyumba Milimani yenye geti linalojifungua lenyewe, na jaketi ya ngozi aliyoivaa katika jua la Kisumu kama mtu anayetumikia kifungo. Pikipiki yake ilikuwa ile kubwa ya kusafiria masafa, ya zamani, yenye sanduku kila ubavu na kiti cha nyuma chenye mgongo kama cha daktari wa meno. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao kuzeeka. Ilinguruma kwa adabu, kama cherehani iliyo chumba cha pili, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera. Kesho yake angeongoza msafara wa kumtoa mamake mochari, yeye mbele, jeneza katikati, bodaboda nyuma, na alitaka kilio chake kisikike mpaka ziwani. Kulia kwa mdomo kungemchosha.

Kwa hiyo alinunua sailensa mbili mpya zinazong'aa, zilizotengenezewa pikipiki nyingine kabisa.

"Hizi hazikuzaliwa na hii mashine, Mzee," Njenga alisema akichomoza kichwa. "Lakini tutazioza."

Akakata zile za zamani kwa grenda, cheche zikaruka hadi miguuni mwa Beldina. Akachomelea vipande vya chuma pale ambapo vishikio havikufikia, akaweka gasketi mpya, akakaza klampu, moja kushoto na moja kulia. Kisha akafuta mikono, akawasha.

Sailensa ya kushoto ikasema, kwa sauti ya Mama Akello: "Walter, nyathina, mwanangu, paa linavuja."

Ya kulia ikajibu kwa sauti ya Walter: "Niko njiani, Mama."

Njenga alivuta mafuta kidogo, na mazungumzo yakaenda kasi. Alipoachia, yakarudi polepole. Waendeshaji bodaboda walisogea kutoka stendi, mikono mifukoni, kama watu wanaojua bei ya kitu wasichokuwa nacho.

"Besi iko," mmoja alisema.

"Iko, lakini huyo mathe amemfunika."

Njenga aliziba mdomo wa kila sailensa kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, akisikiliza. "Kushoto ni mama yako, kulia ni wewe," alimwambia Walter. "Zimekaa vizuri. Hakuna mahali moshi unatoroka."

Walter alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeonja supu. "Mimi nasikika kidogo," alisema. "Niongeze. Yeye mpunguze."

Beldina aliyajua maneno yale yote. Alikuwa ameyasikia kwa simu iliyowekwa spika juu ya kitanda cha mkwewe, msimu baada ya msimu. Mama Akello alishika mila kuliko alivyoshika fimbo yake: paa la mama huanzwa na mkono wa mwanawe wa kwanza. Mume wa Beldina, mdogo wake Walter, alikuwa ameshatangulia kaburini. Na hata wanaume wa kanisa walipokuja na mabati na nyundo, mama aliwapa chai akawarudisha. Walter ataanza, alisema, hata akipiga msumari mmoja tu, nyinyi mmalizie. Walter alikuwa njiani. Kutoka Milimani hadi Kadibo mtu huweza kwenda asubuhi akarudi kwake kabla chakula cha mchana hakijapoa, lakini Walter alikaa katika njia ile mpaka baridi ikaingia mapafuni mwa mamake.

Beldina alisimama. Alikuwa anataka jambo moja tu: Mama Akello asikike siku ya kuzikwa kwake, kwa kuwa alipokuwa hai alisikika na mtu mmoja.

"Shemeji, mwache aseme. Mazishi ni yake."

"Shem, mazishi yana programu," Walter alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni msalani. "Kuna pasta, kuna mimi, kuna watu wa chama. Mama hayuko kwenye programu."

Beldina akamgeukia fundi. "Njenga, wewe una mama?"

"Niko naye, Nyeri. Lakini mwenye pikipiki ni huyu, Mama."

Akashindilia pamba ya chuma katika sailensa ya kushoto, akaweka kifuniko na kukikaza kwa boliti moja. Beldina aliangalia ni spana gani aliyotumia. Ilikuwa namba kumi. Kisha Njenga akatoa utumbo wote wa ile ya kulia, na Walter akasikika hadi upande wa pili wa barabara.

Kesho yake msafara ulitoka mochari. Njia nzima pikipiki ilinguruma, "Niko njiani, Mama! Niko njiani, Mama!" na sokoni Rabuor wauza nyanya wakasimama wakafunga vitenge viunoni. "Yawa, huyo ni mtoto," mmoja alisema akipangusa macho. "Huyo alimpenda mamake." Ndani ya jeneza Mama Akello alikuwa amevaa nguo nyeupe iliyombana mabega.

Mila inataka mwili ulale katika nyumba ya mwenyewe, basi wakamlaza humo. Jioni mvua ilinyesha. Walter alikuwa amekodi mahema mapya kwa ajili ya wageni, meupe, yenye madirisha ya plastiki, na hayakupitisha tone. Ndani ya nyumba maji yalidondoka juu ya jeneza. Beldina aliweka beseni juu ya kifuniko, likijaa akamwaga, akaimba wimbo wa tenzi mmoja hadi mwisho, akaurudia.

Siku ya mazishi Pasta Wakhisi alihubiri juu ya amri ya kumheshimu baba na mama, na kila alipotaja amri alimwangalia Walter kwa macho ya shukrani, maana kinanda cha kanisa kilitoka kwake. Kisha emsii akamwita kifungua mimba. Walter alikuwa ameagiza pikipiki iwashwe anaposhika kipaza sauti, iwe kama mizinga. Ikawashwa. Beldina alikuwa ameshaazima spana namba kumi kwa kijana mmoja wa bodaboda. Akapita nyuma ya hema, akapiga magoti kama anayefunga kamba ya kiatu, akalegeza boliti. Pamba ya chuma ikaruka ikaanguka kwenye mashada ya maua.

"Walter, nyathina, paa linavuja," alisema Mama Akello, na watu wote wakamsikia hadi waliokuwa wakipakua wali. "Nimesogeza kitanda. Nimekisogeza tena. Sasa nimefika ukutani."

Bibi mmoja wa jirani akatikisa kichwa. "Ni kweli," alisema. "Kilikuwa ukutani."

Beldina alibaki magotini, spana mkononi, akingoja. Hakujua anangoja nini hasa. Labda mtu asimame. Labda mmoja tu ainuke kwenye kiti chake cha plastiki aseme, Walter, ulikuwa wapi?

Emsii alisogeza kipaza sauti karibu. "Tunamshukuru marehemu kwa hayo machache," alisema. "Wengine wanaofuata wafupishe vivyo hivyo, maana mvua inarudi."

Watu wakapiga makofi. Walter akapangusa jicho moja. "Mmesikia wenyewe jinsi alivyoniamini," alisema, na makofi yakazidi.

Walipokwisha kumfukia Mama Akello, Beldina alimfuata Walter hadi kwenye pikipiki.

"Shemeji. Na paa?"

"Paa la nani, Shem?" Walter alikuwa akivaa glavu. "Nyumba ya marehemu haiguswi. Inaachwa ianguke yenyewe. Wewe ni mtu wa kanisa, lakini hiyo mila unaijua."

Beldina aliijua. Walter akaondoka, mamake akimwita nyuma yake mpaka lami, naye hakuomba tena mama azibwe. Huko mjini, alisema baadaye, magari yanapisha haraka.

Wiki iliyofuata Beldina alikwenda Kondele kurudisha spana. Alimkuta Njenga amezungukwa na vijana, kila mmoja na pikipiki yake, wote wakitaka sailensa kama za Mzee Walter, zenye sauti mbili.

"Hizo haziji hivihivi," Njenga aliwaambia. "Lazima mama awe ameita mpaka amenyamaza." Akamgeukia wa mbele. "Wewe, mama yako yuko hai?"

"Yuko, kule Muhoroni. Amenipigia leo asubuhi."

"Anataka nini?"

"Sijui. Sikushika simu."

Njenga aliinama akaiangalia pikipiki ya kijana, akagonga bomba kwa kucha. "Basi keti hapo," alisema. "Hutangoja sana."

Yule kijana akavuta tairi, akaketi.