Kibwawa Kisichovuja

Fundi saa alipoacha kazi kwa sababu ya mikono kutetemeka, alichimba kibwawa nyuma ya nyumba. Alitandika plastiki nene, akazungushia mawe bapa, akaweka pampu ndogo ya kurusha maji, kisha akatia samaki wekundu. Maisha yake yote alikuwa amekaa katikati ya milio ya saa, na ukimya wa nyumbani ulimwelemea. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi ingawa naye alishastaafu wodi ya watoto, alisema tu kwamba afadhali mume alewe maji kuliko pombe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka maji yalipoanza kupungua.

Kwanza alilaumu jua. Kisha akazima pampu, maana kama maji yangeacha kushuka, ubovu ungekuwa kwenye bomba lake. Yakazidi kushuka. Basi tundu lilikuwa kwenye plastiki. Alilala kifudifudi ukingoni, akadondosha maziwa tone kwa tone, kwa kuwa penye tundu maziwa huvutwa kama uzi. Maziwa yalitulia pale pale yalipoangukia. Siku zilivyokwenda, maji machache yaliyobaki yakapata joto, yakageuka kijani, na samaki wakawa wanapanda juu kuhema midomo wazi. Wengine wakafa.

"Kunywa chai kwanza, baba," Nesi alimwambia, akiweka kikombe juu ya jiwe. "Mgongo utakuuma."

"Kuna kitu kinanichezea shere hapa."

Nesi aliwatazama samaki, akarudi ndani.

Asubuhi moja, binti yao akiwa anatarajiwa kesho yake pamoja na mtoto wake aliyeanza kutembea, fundi saa alitoka kwenda dukani kununua kiraka na gundi. Alipofika kona akakumbuka kwamba ameacha miwani. Akarudi kwa njia ya uani.

Nesi alikuwa amechuchumaa ukingoni. Mkononi alishika mpira wa maji, ncha moja ikiwa ndani ya kibwawa. Akainyonya ile nyingine kwa mdomo, akatema, akaielekeza kwenye mizizi ya ua. Maji yakaanza kutoka taratibu.

Methali ya kikulacho ilimfika fundi saa ulimini, akaimeza.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Nesi hakushtuka. Aliuacha mpira uendelee kumwaga. "Nilikwambia mtoto anakuja. Nikakwambia kibwawa kifukiwe."

"Ulisema mara moja."

"Nikasema mara moja, ukacheka."

"Nilisema nitaweka wavu."

"Wavu wa kuzuia ndege." Alifuta mdomo kwa kanga. "Unajua kule wodini walikuwa wananiletea watoto wa namna gani? Waliotoka ziwani walikuwa wachache. Wengi walitoka kwenye ndoo, kwenye karai la kufulia. Mama amegeuka kuanika nguo. Maji ya kina cha kiganja yanatosha, baba watoto. Na hawapigi kelele. Watu wanadhani mtoto atapiga kelele."

Miaka yote ile Nesi alikuwa akirudi kutoka kazini, anavua viatu, anauliza kama wamekula. Ya wodini hakuyaleta nyumbani hata siku moja.

"Ungeniambia hivyo," fundi saa alisema.

"Sikuweza."

"Lakini chai uliweza kuniletea. Mimi nimelala kwenye matope natafuta tundu, wewe unaniletea chai."

Hapo Nesi aliinamisha kichwa. "Na samaki pia nimewaua mimi," alisema.

Fundi saa alikwenda kuchukua ndoo, akawavua samaki waliobaki kwa chujio la jikoni, akawapeleka kwa jirani mwenye tangi. Aliporudi alimkuta Nesi amekwishaanza kubeba mawe. Wakayabeba pamoja, makubwa chini, madogo juu, mpaka shimo likajaa. Pampu fundi saa alikuwa ameizamisha katikati, ndani ya kopo lenye matundu. Alipoiwasha, maji yakachomoza kati ya mawe, yakamwagika, yakapotelea chini. Juu hapakuwa na maji ya kuzamisha hata unyayo.

Kesho yake mtoto alikaa kwenye mawe akiyapiga maji makofi, nguo zote chepechepe.

"Samaki wako wapi, baba?" binti yao aliuliza.

"Kibwawa kilikuwa kinavuja," fundi saa alisema. "Nikaona niwatoe."

"Hakikuwa kinavuja," alisema Nesi. Alikuwa amesimama nyuma ya mjukuu wake, mkono ukiwa umeshika ukosi wa nguo ya mtoto. Akamgeukia binti yake. "Kaa chini, mwanangu. Kuna mambo sijawahi kuwaambia."

Fundi saa aliinuka, akamwachia mkewe kiti. Alibaki amesimama kando, mikono ikimtetemeka, na bado hakumtazama usoni.