Bibi Aliyekatwa kwa Mkasi

Jumamosi alasiri, Chayo, msimamizi wa jukwaa, alikuwa akipiga pasi mapazia katika ukumbi mdogo wa maigizo mjini Mesilla, bibi kizee mmoja alipoingia. Alikuwa bapa kama karatasi, rangi yake ya picha kuukuu, kingo zake zina alama za mkasi.

"Mchezo wa Librado ni hapa?"

"Ndipo, bibi. Ila kaa mbali na feni."

Librado, mwandishi wa mchezo huo, alimtambua kwa mkono uliokosekana. Mkono huo ulikuwa bado kwenye picha ya ukutani kwa mama yake, Doña Eduviges, juu ya bega la babu. Doña Eduviges ndiye aliyemkata mamake mzazi pichani, kwa kuwa sura ile ya wenyeji wa asili iliwaumbua watu waliojiita Wahispania wa damu halisi.

Miaka thelathini Librado aliandika michezo juu ya machotara, na juu ya wanaume wanaopenda wanaume. Mama yake hakukosa hata mmoja. Kila mara alimwambia, "Hao majirani umewachora kweli kweli."

Bibi akapewa kuigiza nafasi yake mwenyewe: kukaa kwenye jiko la jukwaani akifunga tamale, madonge ya unga wa mahindi, kwa mkono mmoja. Anselmo, aliyeishi na Librado miaka kumi na tisa, alimshikia maganda ya mahindi. Siku ya mwisho ya mchezo Doña Eduviges alipita nyuma ya pazia, akamkagua bibi juu hadi chini.

"Umekonda, Mama."

"Si wewe uliyenipunguza?"

Doña Eduviges akamnyoosha kona iliyojikunja, kisha akawaalika wote Sikukuu ya Wafalme Watatu, siku ambayo ukoo hupiga picha ya ukutani. Anselmo alikuwa hajawahi kuwamo. Wiki nzima Librado alijiuliza kama safari hii watatosha kwenye fremu.

Siku ilipofika mama aliwabusu wote getini. Bibi na Anselmo akawaelekeza mlango wa jikoni. Mkate wa sikukuu ulipokwisha kukatwa, mpiga picha akaita ukoo sebuleni.

"Mama, na wale?" Librado akauliza.

"Wale ni wageni, mwanangu. Mgeni hasimamishwi."

Jikoni bibi alisema jambo, Anselmo akaangua kicheko hadi sufuria ikaanguka. Librado alitamani kujua ni nini.

"Wewe wa pembeni," mpiga picha akamwambia, "sogea kidogo uzibe hilo pengo."

Librado akasogea.