Mikeka ya Rangi ya Mombasa

Pale kisiwani Ndau hakuna aliyewahi kumshinda Bi Rahima kwa maneno, na mwenyewe alijua na kujivunia. Lakini juma lile alikwama, tena kwa wema wake mwenyewe.

Wazir, mtoto wa jirani yake Mwanamkisi, alikuwa na kijiwe kwenye kibofu. Akienda haja ndogo, kilio chake mtaa mzima walikisikia. Daktari wa Amu alisema apelekwe Mombasa akapasuliwe, na asicheleweshwe. Shida ilikuwa nauli ya chombo na pesa za kujikimu huko. Mwanamkisi alikuwa mjane, msusi wa mikeka, na kichwa kigumu kama kifuu. Ukimpa kitu cha bure, atakurudishia hujafika mlangoni kwako. "Sadaka wapeni wasio na mikono," husema.

Ndipo Bi Rahima akapita nyumba kwa nyumba. "Mwagizieni mikeka, mlipe kabisa. Na midomo yenu mfunge." Yeye mwenyewe akaagiza mitatu, na nyumba yake ina vitanda viwili! Watu hawakumwangusha. Nauli ikapatikana, na Nahodha Kamaludin alikuwa ang'oe nanga Alhamisi.

Jumatano asubuhi Bi Rahima akaenda kumsaidia Mwanamkisi kufunga mizigo. Akamkuta amezungukwa na ukindu, vidole vinakwenda mbio, macho mekundu.

"Na safari?"

"Safari gani, Bi Rahima? Nimeshakula pesa za watu. Nishike ndia na mikeka yao sijaisuka? Nikifa je? Kamaludin akienda tena mwezi ujao, nitakuwa nimemaliza."

Mwezi ujao! Chumba cha pili Wazir alikuwa ameanza tena kulia. Bi Rahima akisema kweli, kwamba mikeka ilikuwa kisingizio tu, pesa zote zitarudi kwa wenyewe kabla ya adhuhuri, maana anamjua huyu. Akinyamaza, mtoto atapotea. Laiti angeufyata ulimi tangu mwanzo! Akautazama ukindu uliotiwa rangi, akakamata fungu zima, akalitupa chini.

"Hii ndiyo nyekundu utakayonitilia mimi? Hii? Si itachuja nikiikanyaga tu! Mimi nataka rangi ya Mombasa."

"Lakini Bi Rahima, siku zote..."

"Siku zote nilikuwa nakustahi! Mikeka nimeilipia, na mikeka naitaka, ya rangi ya Mombasa!"

Akatoka akiubamiza mlango, kisha akakimbia, na mwili wake ule mnene, kuwaambia wenzake. Kabla ya alasiri wateja wote walikuwa wamekwisha kuja kugomba. Hata Mzee Muhdhar, ambaye haoni hata mkono wake, alikuja kulalamikia rangi.

Alhamisi Mwanamkisi alipanda chombo, Wazir mgongoni, furushi la ukindu mweupe kichwani, hamuagi mtu. Bi Rahima alisimama ufuoni akiitazama hasira ile ikienda zake, akacheka na kulia pamoja.

Walirudi mwezi wa mfungo mosi. Wazir alishuka kwa miguu yake, akaenda mbio hadi ukuta wa kwanza aliouona, akakojoa kimya huku akijitazama kwa fahari. Siku hiyo hakuna aliyemkemea.

Kesho yake Mwanamkisi akaleta mikeka mitatu, akaitandika sebuleni. Yote aliisuka kando ya kitanda cha mwanawe. Bi Rahima akaisifu rangi.

"Ni ile ile ninayonunua Amu," Mwanamkisi akasema. "Hata Mombasa mkebe ni ule ule. Nilijua hila yenu kabla sijaondoka."

"Kumbe ulijua!"

"Mzee Muhdhar na rangi, Bi Rahima?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mwanamkisi akatoa msala mdogo wa kuswalia, mzuri kuliko mikeka yote. "Huu hukuuagiza. Ni wako."

"Hapana, mwanangu, huu uuze, mimi..." Tangu aolewe, Bi Rahima alikuwa hajapokea cha mtu.

Mwanamkisi akamkazia macho. "Mimi nilijua, na nilipanda chombo, Bi Rahima."

Bi Rahima akafungua mdomo, akaufunga. Akanyoosha mikono miwili, akaupokea.