Dhahabu Tumboni mwa Tulizo

Mume wangu Erasto aliondoka asubuhi kwenda Sirari akiwa na maksai wetu wa kulimia, akarudi jioni na fimbo yenye sahani. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi Regina, na mpaka leo sijapata sababu ya kubadilisha maneno. Maksai alibaki kwa mfanyabiashara mmoja wa pale mpakani anaitwa Godwin. Huyo Godwin alimwambia Erasto kwamba kwa mashine kama ile Wazungu wanapita jangwani huko Australia, ikilia wanainama, wanaokota bonge la dhahabu la ukubwa wa kiazi.

"Na sisi jangwa letu liko wapi?" nikamuuliza.

"Mama Elieth, mvua imenyesha lini hapa Itiryo? Wewe unaona hili siyo jangwa?"

Nikaangalia mahindi yangu yaliyokaukia chini ya magoti. Lakini maksai ni maksai. Siku mvua ikirudi tutafunga nini kwenye plau, hiyo sahani?

Kesho yake akaanza na uwanja wa nyumba. Anatembea taratibu, amevaa vidude masikioni, anapeleka sahani huku na huku kama anayefagia hewa. Mashine ikilia, anachimba. Alitoa vizibo vya soda, misumari, betri za redio na mguu wa kiti. Uwanja ukajaa mashimo, kuku wangu mmoja akatumbukia humo na vifaranga vyake, tukawatoa kwa upawa. Mimi nilipata faida moja tu: kijiko changu kilichopotea Elieth akiwa bado ananyonya kilirudi, kikiwa na kutu. Erasto akasema hiyo ni dalili nzuri.

Mshauri wake mkuu alikuwa kaka yake mkubwa, shemeji yangu Waitara. Shemeji Waitara ni mzee wa kanisa. Anachechemea mguu wa kushoto tangu ujana wake na, kwa maneno yake mwenyewe, alianguka na baiskeli akitoka mazoezi ya kwaya. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na zizi, anamwelekeza mdogo wake pa kuchimba. Siku moja Erasto alipita karibu naye, mashine ikapiga yowe. Shemeji akasogeza kigoda haraka.

"Ni simu hiyo," akasema.

Simu yake wakati huo ilikuwa ndani kwangu, inachajiwa kwenye sola. Mimi ndiye niliyeichomeka. Nilitaka kusema, nikaona siyo wakati wake, nikaliweka hilo neno mahali pake.

Uwanja ulipokwisha, Erasto alihamia kule korongoni ambako wachimbaji wadogo wanasaga mawe yao. Akashinda juani mpaka midomo ikampasuka. Akarudi na spoku za baiskeli. Nikadhani sasa atakata tamaa, atamrudishia Godwin fimbo yake, tupate ng'ombe wetu. Kumbe yaliyo mabaya yalikuwa bado njiani, yanarudi kutoka malishoni.

Niwaambie kwanza kuhusu Tulizo. Ng'ombe wote zizini ni wa Erasto, isipokuwa Tulizo. Felix, kijana wa Mugumu, alipomuoa binti yetu Elieth, katika mahari mmoja alitajwa mbele ya watu wote kuwa ni wa mama, wa kumtuliza kwa sababu anaachwa na mwanawe. Ndiyo nikampa jina hilo. Elieth ndiye mtoto wangu wa pekee. Asubuhi nikiwa chini ya Tulizo namkamua, naongea naye mambo ambayo ningeongea na Elieth, na yeye anacheua, ananisikiliza. Sina kitu kingine hapa duniani ambacho ni changu, na simwonei mtu haya kusema hivyo.

Basi jioni moja ng'ombe wanaingia zizini, Erasto amesimama mlangoni na mashine haijazimwa. Wanapita mmoja mmoja, mashine kimya. Akapita Tulizo, mashine ikalia. Erasto akamrudisha, akampitisha tena, ikalia. Akaipeleka sahani ubavuni, chini kidogo ya kifua, ikalia kwa sauti ya kukata masikio. Mume wangu akavua kofia.

"Amekula msumari," nikasema. "Ng'ombe wanakula misumari kila siku."

"Msumari ungemuua. Huyu amenona. Sasa nijibu, Mama Elieth, Tulizo anapenda kulamba udongo wapi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Tulizo anapenda kulamba udongo korongoni, palepale wanaposaga mawe.

"Umeona," akasema Erasto. "Analamba vumbi la dhahabu miaka yote hii. Dhahabu ni nzito. Haipandi, haishuki, inakaa tu inajikusanya."

Ubaya wa mume wangu ni kwamba upuuzi wake una mpangilio. Na ili mtu asiseme ana haraka, kesho yake alimfuata Tulizo nyuma na karai. Ndiyo, baba wa mtu, mkwe wa watu, amekinga karai chini ya mkia wa ng'ombe. Akapeleka kinyesi pembeni, akakiosha kwa maji niliyoyabeba mimi kichwani, anatikisa karai, anamwaga juujuu, anachungulia kama wachimbaji wanavyofanya. Hakuona hata chembe.

"Unaona?" akaniambia kwa furaha. "Haitoki. Iko yote mle ndani."

Akaanza kutafuta mchinjaji. Aliyemzuia ni shemeji Waitara, na kwa mara ya kwanza nilimpenda.

"Huyo ni ng'ombe wa mahari, mura," alimwambia. "Huwezi kumchinja wakwe hawajui. Ndoa ikivunjika kesho utarudisha nini, ngozi?"

Nilimshukuru Mungu kwa desturi zetu. Nilishukuru mapema mno, kwa sababu Erasto alichukua simu akampigia Felix, akamweleza kila kitu.

Wakwe walifika kesho yake asubuhi na pikapu ya kukodi. Mama mkwe wangu alipofariki walifika tumeshazika. Safari hii hata chai ilikuwa haijachemka. Alikuja Felix na baba yake, Mzee Simioni, mtu mpole, mwenye kofia ya pama na sauti ya chini. Walisalimia vizuri, wakakaa, wakauliza habari za mvua. Kisha Mzee Simioni akakohoa.

"Sisi tulitoa ng'ombe," akasema. "Dhahabu hatukuitaja."

"Ukitoa ng'ombe umetoa na tumbo lake," akajibu shemeji Waitara. "Angekuwa na mimba, ndama angekuwa wa nani?"

"Ndama tungejua, tungemhesabu. Hii hatukuijua. Na huyu ng'ombe kwetu pia alikuwa analamba udongo."

"Udongo wa Mugumu una nini? Una nyayo za nyumbu tu."

Wakaendelea hivyo mpaka jua likawa utosini. Amekula lini, kabla ya mahari au baada ya mahari? Alipohama alikuwa na uzito gani? Nani alimwona analamba? Mimi niko jikoni nasonga ugali wa watu waliokuja kumpasua ng'ombe wangu. Nilipowatengea walikuwa wamekubaliana nusu kwa nusu, nyama itafuata dhahabu. Hakuna aliyeuliza maziwa yalikuwa ya nani.

Wakamwita Yassini, mwenye bucha mjini Tarime. Akaja na pikipiki, visu vyake amevifunga kwenye gunia. Akaomba maji, akaanza kuvisuuza polepole. Tulizo alikuwa amefungwa kwenye nguzo, ananiangalia.

"Baba Elieth," nikasema, "huyo ng'ombe ni wangu."

"Ni wako wa kukamua," akajibu bila kugeuka.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini vizuri kisivunjike, kwa sababu nilitaka kuvunja kitu kingine. Mashine ilikuwa imeegemezwa ukutani, nikaichukua. Wakadhani nataka kuibamiza, Erasto akaruka kusimama. Mimi nikampita, nikaenda mpaka mbele ya kigoda cha shemeji yangu, nikapiga goti kama inavyopasa.

"Shikamoo, shemeji. Naomba usimame kidogo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Najifunza tu."

Akasimama, labda kwa sababu wakwe walikuwa wanaangalia. Nikaanza na bega, kimya. Tumbo, kimya. Nilipofika paja la kushoto mashine ikapiga yowe.

"Ni simu," akasema shemeji.

"Itoe."

Akaitoa, akaiweka kwenye kigoda. Mashine ikalia. Akatoa funguo. Ikalia. Akafungua mkanda, akaushika mkononi, huku mkono mwingine umeshika suruali. Ikalia vilevile, tena palepale.

"Haya," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na shemeji naye ana dhahabu. Yeye ni mtu wa korongoni tangu utoto, nani ajuaye amelamba nini. Yassini, baba, anza na huyu, halafu utakuja kwa Tulizo. Tugawane nusu kwa nusu."

Yassini akaangalia kisu chake, akamwangalia mzee wa kanisa.

"Mama, mimi nimeitwa kuchinja ng'ombe," akasema. "Binadamu siyo kazi yangu."

Felix ndiye aliyecheka wa kwanza. Akajaribu kujificha nyuma ya kofia ya baba yake, akashindwa. Erasto hakucheka.

"Ni chuma tu hicho," shemeji akasema hatimaye, uso umemshuka. "Chuma cha zamani. Hakina thamani yoyote."

"Kwa hiyo mashine hii inalilia hata chuma kisicho na thamani?"

"Inalilia."

"Hata kikiwa ndani ya nyama?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikamgeukia mume wangu. Erasto aliangalia mashine, akamwangalia Tulizo, akaangalia mashimo ya uwanja mzima. Nilimwona anavyoumia, na kwa kweli nilimhurumia.

"Mwacheni," akasema.

Yassini akafunga visu vyake. Nilikwenda kwa Tulizo nikamkumbatia shingo mbele ya wakwe, haya yote imenitoka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu harusi ya Elieth. Nilikuwa nimeshinda wanaume wanne kwa fimbo yao wenyewe.

Sikumwona Mzee Simioni anavyosimama. Nilisikia tu ile sauti yake ya chini.

"Hicho chuma kiliingiaje?"

"Baiskeli," akasema shemeji.

"Baiskeli gani inaacha chuma ndani ya paja?"

Shemeji akafunga mkanda wake. Alichukua muda mrefu kuufunga.

"Marehemu baba yangu alikuwa na gobore," akasema Mzee Simioni. "Mwaka ambao zizi letu lilivunjwa na wezi, alimpiga kijana mmoja paja la kushoto. Kijana akakimbia anaruka kwa mguu mmoja, ng'ombe wakaenda. Tulidhani amefia porini. Mama yangu alimwombea yule maskini kila Ijumaa Kuu mpaka Mungu alipomchukua."

Shemeji Waitara akakaa kwenye kigoda, juu ya simu yake.

"Ulikuwa ujana," akasema.

Huku kwetu neno hilo likishatamkwa hakuna kesi tena, kuna malipo tu. Ng'ombe aliyechukuliwa analipwa kwa ng'ombe. Zizi la shemeji ni tupu, alishawaoza wanawe wote wa kiume, kwa hiyo deni likaruka ukuta likaja kwa mdogo wake. Erasto akafungua zizi, akawaambia wachague. Mzee Simioni hakuingia hata ndani. Alielekeza fimbo kwenye nguzo.

"Tulizo anatosha," akasema.

Nilimwona Felix anamwangalia Tulizo. Hakuwa anaangalia kiwele, alikuwa anaangalia tumbo. Nililiona hilo, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshatumika vya kutosha siku hiyo.

Wakampandisha kwenye pikapu. Nililia, na nililia kwa sauti. Kitu kimoja kilinifariji: yuko mzima, anaenda kwa Elieth, mwanangu ndiye atakayemkamua. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Nilipoamka asubuhi mikono ilikwenda yenyewe kwenye kibuyu cha maziwa, nikakigeuza na kukianika juani.

Baadaye Erasto aliaga kwamba anakwenda kumrudishia Godwin mashine. Alirudi hana mashine, na maksai hana. Alikuwa anavuta mbuzi jike.

"Godwin amekataa," akasema. "Nimepata mtu mwingine wa kuichukua. Amenipa huyu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Sikufuatilia. Mashine ilikuwa imetoka nyumbani kwangu, nikaona yatosha. Nikafukia mashimo, nikapanda mtama kwa jembe la mkono.

Leo asubuhi Elieth amenipigia simu. Akaniambia Tulizo anatoa maziwa vizuri, mjukuu wangu ananenepa mashavu. Nikacheka. Nikamuuliza mbona anaongea kama mtu aliyejificha.

"Niko nyuma ya choo, mama," akasema. "Felix ana ile mashine. Baba alimpelekea stendi ya Tarime, wakabadilishana na mbuzi. Anampima Tulizo asubuhi na jioni. Anasema inalia kuliko zamani."

"Mwambie huyo ng'ombe ni wa mahari."

"Nimemwambia. Anasema siyo wa mahari tena, ni wa malipo. Anasema sasa hakuna wa kuulizwa. Wamemwita mchinjaji Jumamosi."

Nimeshafunga kitenge na nimeacha ugali wa Erasto mezani, aupime mwenyewe. Basi la Mugumu litapita muda si mrefu, nitafika kabla ya Jumamosi. Nitakachofanya nikifika sikijui. Kule ukweni kwa mwanangu simjui hata mtu mmoja mwenye risasi pajani.