Tiki Kwenye Kifungu cha Saba

Shemeji alibadilisha leseni ya programu Jumatatu asubuhi bila kumwambia mtu. Hadi siku hiyo programu ile ya kutunza stoo za dawa ilikuwa huria: zahanati yoyote iliitumia bure, na mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Sasa matoleo yote mapya ni mali ya kampuni, na kampuni ni Shemeji na wakili wake.

Fundi aliyasoma hayo kibandani kwake, kichapishi cha mteja kimefumuliwa mezani. Sehemu ya kuchapisha lebo za dawa aliiandika yeye, miaka tisa, kila alipopata upenyo. Akapiga simu.

"Shem, haya ya kwenye tovuti umeandika wewe au umeibiwa paswedi?"

"Nimeandika mimi. Tulia basi, nafasi yako kwenye kampuni ipo."

"Na wale wenzetu arobaini walioiandika pamoja nasi?"

"Walikubali wenyewe. Kifungu cha saba. Si wewe uliyewahimiza?"

Mwaka juzi Shemeji alileta fomu mtandaoni. Asiyetia tiki, kazi yake haipokelewi. Kifungu cha saba kilimpa Shemeji peke yake ruhusa ya kubadilisha leseni. Fundi alikiona, akauliza. Shemeji akacheka: "Maneno ya wakili hayo. Nimemuoa dada yako, nikikudhulumu nitalala wapi?" Fundi akaridhika. Akawafuata wenzake mmoja mmoja, waliosuasua akawasumbua kwa simu mpaka wakatia tiki wote.

Kabla ya saa sita muuguzi, mmoja wa wale arobaini, akapiga simu. Huyo ndiye aliyeandika sehemu ya kuonya dawa zinapokaribia kuisha muda.

"Fundi, siku ile nilikuuliza kama nisome yote. Ulinijibuje?"

"Nilikwambia tia tiki, nimeshasoma."

"Ulikuwa umesoma kweli?"

Angeweza kudanganya. "Nilikuwa nimesoma."

"Basi afadhali ungekuwa mvivu," muuguzi akasema, akakata.

Mchana Fundi alichukua toleo la mwisho lililotoka kwa leseni ya zamani, ambalo Shemeji hakuwa na uwezo wa kulifanya mali yake. Akaliweka kwenye ukurasa mpya, akawaandikia wote arobaini: tuendelee na hili, ni huria, halina fomu.

Jibu la kwanza liliingia upesi. "Safari hii fomu umeificha wapi, mzee?" Wengine wakacheka chini yake. Mmoja akauliza kama wakili naye ni shemeji yake.

Jioni dada yake, mke wa Shemeji, akampigia simu.

"Kaka, unamchafua mume wangu mtandaoni?"

"Ametuuza, mdogo wangu."

"Si mlisaini? Ufute huo ukurasa, la sivyo kwangu usije."

Hakuufuta.

Wiki tatu zikapita. Kati ya wale arobaini, wawili walimfuata. Muuguzi hakuwemo, na sehemu yake haikupata wa kuitunza. Kati ya zahanati mia mbili na kumi, kumi na moja zilibaki na programu huria. Nyingine zote zilikwenda kwa kampuni, na lebo zao zinachapishwa kwa sehemu ile ile aliyoiandika Fundi. Dada alikuwa naye mmoja tu. Fundi amempigia mara sita, dada hajapokea.