Mfungo wa Apolonia

Apolonia hakujua kufanya jambo nusu. Ukimwomba chumvi, alikuletea na nyanya. Misa ikianza saa tatu, saa moja alikuwa ameshafagia kanisa na kumkaripia mlinzi. Kwa hiyo madaktari wa Mbeya walipomwambia asile chochote usiku wa kuamkia kutolewa mawe ya nyongo, alirudi Igowole akiona huo ni mfungo wa watoto.

"Usiku mmoja?" aliwauliza wanajumuiya wenzake Jumapili baada ya misa. "Hata Kwaresima tunafunga zaidi ya hapo! Mimi naanza leo."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini kila alipofikiria kulazwa kwenye kitanda cha upasuaji asiamke tena, aliitafuta rozari yake. Sendofu ya bintiye Goodness, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa imekaribia, beberu wa karamu alishanona zizini, na Apolonia alitaka jambo moja tu: awepo, apige vigelegele kwa sauti yake mwenyewe. Akifunga mpaka siku ya kisu, alijiambia, Mungu hatamnyima hilo.

Benedicta, katibu wa jumuiya, akasema mwenzao hafungi peke yake. Jumuiya nzima ikafunga. Hata Vitus, mume wa Apolonia, mtu asiyewahi kugombana na sahani, akafunga, ingawa alianza kushinda nyuma ya banda la kuku, na maganda ya viazi huko yakawa yanaongezeka kila siku.

Jumanne Apolonia akapanda basi kituoni Nyololo, akaenda kulala kwa Goodness, Ilomba, huko Mbeya. Goodness alikuwa amepika wali na maharage. Mama akaisukuma sahani pembeni.

"Mama, hujala tangu lini?"

"Hayo ni yangu na Mungu."

Asubuhi hospitalini nesi alimpima, akarudia kumpima, kisha akaenda kumwita daktari. Dokta Lutengano alikuwa kijana mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mama. Ulikula lini mara ya mwisho?"

"Marahaba. Jumapili," akajibu Apolonia, kwa fahari ya mtu anayetaja cheo chake.

Daktari akakuna kidevu. "Mama, sukari imeshuka, presha nayo imeshuka. Leo hatukupasui, mpaka Ijumaa."

"Na sendofu ya mwanangu?"

"Utaiwahi, ukila. Tunakukataza chakula usiku ili kisije kikapanda na kuingia kwenye mapafu ukiwa usingizini. Basi. Ukizidisha hapo unajinyang'anya nguvu. Mimi nitashona tu, mama. Wa kuponya kidonda ni mwili wako, na mwili wenye njaa utaponya kwa kutumia nini?"

"Na Mungu je?"

"Mungu alishakusikia tangu Jumapili. Anayesubiri sasa ni tumbo."

Goodness akacheka. Apolonia alitaka kukasirika, machozi yakamtangulia. "Naogopa, baba," akamwambia yule kijana, na neno lile lilipotoka alihisi mzigo umetua. Mara akasikia harufu ya uji wa mgonjwa wa kitanda cha pili, akaomba kikombe.

Alipopata nguvu ya kushika simu akampigia Benedicta. "Mfungo umekwisha! Dokta kasema tule. Na mle kweli, msinifanyie ulegevu!"

Basi akala. Alianza na uji, akaja mayai, akamalizia na ndizi nyama, mpaka nesi akaomba apumzike kidogo. Alhamisi usiku akaacha kula, kama alivyoelekezwa. Ijumaa asubuhi nesi akamletea kikombe cha chai ya rangi yenye sukari. Apolonia akakitazama kwa mashaka.

"Si nimefunga?"

"Chakula ndicho umefunga, mama. Hii haina maziwa, na muda bado upo. Kunywa, itakusaidia kuamka vizuri."

Akapiga ishara ya msalaba, akanywa yote.

Alipofumbua macho baada ya upasuaji, Goodness alikuwa amemshika mkono. Alasiri akaketi. Jioni akasimama, na alipofika mlangoni alikuwa ameshaanza kumwamrisha mgonjwa wa jirani amalize uji wake. Simu ikaita.

"Kamwene, mke wangu!" Alikuwa Vitus, sauti imenenepa. "Huku tumekula, mama! Tumekula kweli kweli!"

"Mmekula nini?"

Vitus akakohoa.

"Vitus."

"Ulisema tusifanye ulegevu. Sasa huku kwetu aliyenona alikuwa mmoja tu."

"Beberu wa sendofu?"

"Benedicta alisema huo ni utii."

Apolonia alifungua mdomo amfokee, kikatoka kicheko, akajishika tumbo. "Kata simu! Kata, mshono unauma!" Alicheka huku akilia. Alikuwa hai, na alikuwa na beberu wa kugombania. Alimshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Siku ya sendofu wanawake wa jumuiya waliingia uani kwa mstari, kila mmoja na kuku wake, Benedicta mbele na majogoo wawili, macho chini. Apolonia aliwangoja mlangoni amekunja uso. Aliwaangalia mmoja mmoja, akamtazama Goodness aliyependeza nyuma yake, uso ukamshinda. Akavuta pumzi, akaweka mkono juu ya mshono, akapiga kigelegele ambacho, wanasema, kilisikika mpaka barabarani.